Mwaka wa Kungoja Injini Ipoe

Tulipokuwa tukienda Maragoli kumzika senge Berita, gari la mjukuu wangu Kelvin lilichemsha Sachang'wan, pale pale. Sisemi pale pale kwa kupamba maneno. Ni upande uleule wa barabara, chini kidogo ya mahali palipokuwa na lango la ng'ombe la shamba la mzungu, ambapo sasa pana kibanda cha viazi na karoti. Taa nyekundu iliwaka mbele yake, akasogea kando, akazima injini na kufungua boneti. "Nyanya, kaa tu ndani," akaniambia. "Ni kulanti imeisha. Kuna mahali inavuja." Nilimuuliza kulanti ni nini, akanionyesha chupa yenye maji ya rangi ya waridi, kama ile soda ya watoto. "Lakini siyo maji, Nyanya. Ukiweka maji tu unaharibu injini." Mkono wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye kifuniko, kwa hiyo nikamwambia angoje kwanza. Akasema, "Najua." Nikamwambia tena. Tukangoja, malori yakipanda mlima polepole kando yetu kama wazee wanaokwenda barazani, na katika kungoja huko nikaukumbuka mwaka wa hamsini na saba, nilioishi Nakuru kwa senge.

Senge kwetu ni dada ya baba. Ya nyumbani kwetu sitayaeleza, na ya shule ni machache: niliiacha mapema na hakuna aliyelia. Nilipelekwa Nakuru nikiwa msichana mwenye nguvu na asiye na kazi, nimsaidie senge Berita na mumewe Enoka, aliyekuwa dereva wa lori katika kinu kimoja cha unga. Walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya maghala, chumba kimoja cha kuta za mawe na paa la mabati, na katikati pazia la magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa upya. Nyuma ya pazia kulikuwa kitanda chao. Mbele kulikuwa mkeka wangu, meza, viti viwili, na rafu ya mbao ambayo nikifumba macho hata leo naweza kusema kila kilichokuwa juu yake: chumvi kwenye kikombe kilichovunjika mkono, taa ya mafuta, Biblia, kiberiti, na mkebe wa magadi. Magadi yale yaliletwa na akina mama waliotoka upande wa Elementaita, mabonge meupe yenye vumbi. Senge aliyatia kwenye mrenda ili mboga iteleze vizuri, kama kila mtu wa kwetu. Lakini yeye aliyatumia pia kwa sufuria, kwa kola za shati za Enoka, kwa dirisha, kwa lile pazia, kwa kizingiti cha mlango. Majirani walisema Berita angeweza kufua hata moshi. Hakuwa amezaa. Siku zile mwanamke asiyezaa alihesabiwa kwa usafi wake, kwa sababu watu hawakumwona na kingine cha kumhesabia, na senge alilijua hilo kuliko waliolisema.

Gari Enoka alilipata kwa mzungu wa Njoro aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa zee, jeusi, zito kama jiwe la kusagia, viti vyake vya ngozi vimepasuka na kutoa manyoya ya farasi, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Na lilikuwa linavuja tangu siku lilipokuja. Mbele ya injini kuna chombo kiitwacho rejeta, chenye mirija myembamba kama mabua, ambamo maji hupita yakapoa na kurudi kuipoza injini. Rejeta ile ilikuwa imechoka. Jumamosi na Jumapili Enoka alibeba watu wa kanisa na watu wa nyumbani, akawapeleka Subukia, Kabazi, Rongai, hadi Gilgil, na mimi nilikuwa mtu wa maji. Nilikaa na madebe mawili miguuni na jiwe kubwa mapajani. Gari likisimama mlimani niliruka chini kabla halijarudi nyuma, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, kisha nikashika debe na kwenda kutafuta. Nilijua kila mahali penye maji na kila mtu aliyekuwa nayo. Kabazi alikuwako Njeri wa Wahome, aliyechuma pareto, ambaye hakuwahi kuninyima hata mara moja. Karibu na njia ya reli ya Rongai alikuwako mzee Onditi, mwenye tangi lake na maneno mengi. Na hapa Sachang'wan alikuwako Tapsubei, mkamuaji wa ng'ombe wa lile shamba, mwanamke mrefu wa Kikipsigis ambaye kila akiniona nakuja na debe aliuliza, "Gari yenu iko na homa tena?"

Maji hayakuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa kungoja. Enoka alikuwa amewahi kumwona dereva akimwaga maji baridi kwenye injini ya moto, na injini ikapasuka kwa mlio kama wa bunduki, kwa hiyo hakuruhusu mtu kugusa kifuniko mpaka chuma kipoe. Alinifundisha kipimo chake. Unaweka kiganja juu ya boneti, unataja jina lako na jina la baba yako bila haraka. Ukiondoa mkono kabla hujamaliza, rudi ukakae. "Rispa binti Yohana," nilikuwa nikisema, na abiria wakicheka. Walipochoka kucheka walikaa kwenye nyasi wakazungumza, nami nikasikiliza. Mengi ninayoyajua kuhusu watu niliyasikia nikiwa nimekaa kando ya jiwe lile, nani amekosana na kaka yake, nani anaficha ugonjwa, nani hataki kurudi nyumbani na kwa nini. Mtu aliyekwama barabarani hasemi uongo mwingi.

Na kila abiria alikuwa na dawa ya rejeta. Mhubiri wetu Zakayo alisema yai. Mwingine akasema ugoro, mwingine kipande cha sabuni, mwingine jivu la mti ambao hatukuwahi kuupata. Enoka hakukataa dawa ya mtu. Baada ya miezi kadhaa alikuwa na utaratibu wake: tundu dogo, yai, tundu kubwa, konzi ya unga. Vitu hivyo vilizunguka na maji ya moto, vikaiva, vikaenda kuziba palipotoboka. Vilifanya kazi. Fundi Mohanlal, mwenye gereji karibu na soko, alifungua kile kifuniko siku moja, akachungulia, akarudisha kichwa nyuma. "Enoka, hii hapana rejeta. Hii hoteli. Wewe napikia gari chakula kila siku, mimi nafanya nini?" Alisema atafute nyingine, na wote wawili walijua hakuna nyingine ya gari la umri ule. Enoka akacheka, akafunga kifuniko, tukaenda zetu. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Gari likishika moto lilinuka yai bovu na ugali ulioungua, harufu iliyoingia kwenye nguo, na ukikaa humo kutwa ulilala nayo.

Mvua za kwanza zilipokwisha, mama yake Enoka, Kezia, alikuja kwa gari la moshi kututembelea. Alikuja mzima kiasi, akaugua akiwa kwetu. Tumbo lilikataa chakula. Enoka alimpeleka hospitali, wakamweka siku kadhaa, kisha wakamwambia Enoka ampeleke nyumbani. Hawakusema zaidi, na hapakuwa na haja. Kezia mwenyewe alielewa kabla ya mwanawe. Alisema jambo moja, akalirudia kila siku kwa sauti ileile, kama mtu anayeagiza chumvi: hataki kufia Nakuru. "Vumbi hili haliwezi kumshika mtu," alisema. "Mtanizika, upepo uje unichukue. Nyumbani mzee wangu amelala kando ya migomba, na aliniachia nafasi." Tukamwambia basi arudi kwa gari la moshi. Akakataa. Mwanawe wa kwanza alipanda gari hilo Kisumu kwenda vitani na halikumrudisha. Yeye mwenyewe alipanda mara moja kuja kumwona Enoka, na alipoteremka tu Nakuru akasema deni la kulijaribu limekwisha. Kwa hiyo ilibaki lile zee letu jeusi. Na ilibidi afike akiwa hai, maana maiti siku zile haikupata gari wala kibali kirahisi, na wengi waliokufa Nakuru walibaki Nakuru.

Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe. Kwa hiyo tangu siku Kezia alipofika Enoka alihamia kwenye gari. Jioni alikula nasi, akamjulia mama hali kutoka mlangoni, akachukua blanketi lake akaenda kulala kwenye viti vya manyoya ya farasi, ili chumba kihesabiwe kuwa cha Berita peke yake. Asubuhi alirudi na ile harufu. Kezia alipoisikia tu alitapika, hata kama tumbo halikuwa na kitu. Hakumlaumu mwanawe. Alisema na mimi, kwa sababu miaka yote tangu Enoka amwoe hakuwa akimsemesha Berita moja kwa moja. "Rispa, mwambie mwenye nyumba kuna kitu kimeoza humu." Na senge alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja ungemfikia. "Rispa, mwambie mwenye nyumba uji uko tayari?" Uji ndio pekee alioweza kuumeza, uji wa wimbi, tena wimbi aliokuja nao mwenyewe kwenye kifuko. Senge aliusaga kwenye jiwe mara tatu, mara nne, mpaka ukawa laini kama poda, akauchuja, akampa kwa kijiko. Kezia alikunywa mafunda machache akifumba macho na kunirudishia mimi kikombe.

Kule bombani wanawake walikuwa wanaongea. Walinyamaza nilipofika, lakini si haraka vya kutosha. "Huyo mama akifia pale," alisema mmoja, Truphena, mke wa bawabu, "kwao watauliza nani alikuwa anampikia." Mwingine akasema, "Kwanza hakuwaletea mtoto. Sasa awaletee maiti?" Wakacheka kidogo, kicheko kile cha kuinua ndoo. Nilipeleka maji nyumbani. Senge alinitazama usoni, akachukua ndoo, akasema, "Nayajua, Rispa. Weka maji jikoni." Nakumbuka siku hiyo tulikula mrenda, na kwamba alikula vizuri.

Enoka alipata ruhusa kazini, safari ikapangwa Jumamosi. Ijumaa alikuwa kwenye lori kutwa. Senge alifagia chumba, akafua blanketi la Kezia, kisha akatoka nje akalizunguka gari, akilitazama kama alivyotazama sufuria aliyorudishiwa na jirani. Kutwa nzima ya kesho mama mkwe angelala humo na ile harufu. Alitoa viti nje akavisugua. Chini ya kiti cha dereva alikuta mfuko wa unga ambao Enoka aliuweka kwa ajili ya rejeta, umeingia wadudu, akawamwagia kuku wa jirani. Kisha akaniambia nichemshe maji. Aliyeyusha bonge zima la magadi kwenye sufuria kubwa, akafungua kifuniko cha rejeta, akamimina, akafunga. Tukaliacha hivyo mpaka jua lilipopinda. Chini ya rejeta kuna koki ndogo. Alipoifungua ulitoka ute wa kahawia, mzito, unaovutika, wenye vipande vyeupe ndani yake. Aliendelea kutia maji na kufungua, kutia na kufungua, mpaka yakatoka maangavu. Alikuwa ameridhika. Unayemwona anasafisha kitu kwa jivu au kwa magadi humwoni akitangaza, ni kazi ya nyumbani kama nyingine, kwa hiyo Enoka aliporudi hakuambiwa. Alinusa, akasema gari leo limepumzika, akalala humo. Senge hakujua kitu kuhusu mirija, na mimi niliyeona mayai na unga vikitiwa sikufikiri kwamba kuvitoa ni kuitoboa upya. Tulijua tu kwamba uchafu hutolewa.

Tuliondoka kukipambazuka. Kezia alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Berita, na kibuyu cha uji wa wimbi kimefungwa ndani ya kitenge ili kisipoe. Ulikuwa uji wa mwisho. Wimbi wa kwenye kifuko ulikuwa umekwisha, na senge alikuwa ameupima umtoshe mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa mbele na madebe yangu na jiwe langu. Tulipoacha nyumba za mwisho za mji Kezia alinusa hewa. "Gari hii leo hainuki," akasema, bila kumwambia mtu. Senge alitazama nje dirishani, kule mashamba ya ngano yalikokuwa, na niliona kwenye kioo kwamba anajizuia kutabasamu.

Kabla hatujaanza mlima mvuke ulitoka. Tukasimama, tukangoja, tukaweka debe zima. Enoka alisema ni kawaida. Tulisonga kidogo tu, ukatoka tena, tukaweka la pili. Tulipofika Sachang'wan gari halikuweza tena. Niliruka na jiwe. Enoka alifungua boneti, akainama. Rejeta ilikuwa inatoa maji usoni kote, si mahali pamoja wala pawili, ni kama kichungi cha chai. Aligusa tone moja kwa kidole, akalionja. Akalionja tena. Kisha akageuka. "Nani ameipikia hii gari mboga?"

"Ni mimi," senge akasema kutoka ndani. "Nimeiosha. Ilikuwa inanuka."

Enoka hakupiga kelele. Alikaa chini kando ya tairi, akaweka mikono juu ya magoti. Akasema polepole, kama anayejieleza mwenyewe, "Kilichokuwa kinanuka ndicho kilichokuwa kinashika." Akaomba ule mfuko wa unga chini ya kiti. Senge akamwambia uliko. Hapo alicheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha, akanituma kwa Tapsubei. Tapsubei alitoka na debe lake kichwani, akauliza habari ya homa, akaona mambo, akaacha mzaha. Maji alikuwa nayo. Unga hakuwa nao, yeye wala mtu yeyote kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa sababu posho ya wiki ilitolewa Jumamosi jioni na asubuhi ile kila mtungi ulikuwa mtupu. Mayai yalikuwa ya memsabu na yalihesabiwa. Tulijaza rejeta kwa maji yake mara ya kwanza na mara ya pili, na mara zote mbili tuliyatazama yakitoka yote na kuchora mto mdogo barabarani. "Hata ng'ombe hanywi hivi," Tapsubei akasema. Ukungu ulikuwa unashuka. Alichungulia ndani ya gari, akagusa miguu ya Kezia, akavua shuka lake la mabegani akamfunika. Aliponigeukia alisema kwa sauti ya chini, "Huyu mama miguu yake imeanza baridi. Msikae."

Senge alisikia. Hakulia. Alikuwa ameshika kichwa cha Kezia kwa mikono miwili, akitazama mbele kwenye kiti kitupu cha dereva, na mimi niliyesikia maneno ya bombani nilijua anachokitazama. Angefika Maragoli na maiti, au asifike kabisa, na miaka yote iliyobaki ingeelezwa kwa bonge moja la magadi.

"Rispa, mwambie mwenye," Kezia akaanza. Pumzi yake ilikuwa fupi. Kisha akasema, "Berita."

"Naam, mama."

"Hii gari inataka nini?"

"Inataka uchafu wake, mama. Nimeutoa."

"Uchafu gani?"

"Unga. Mayai. Vitu vya kushika."

Kezia alifikiri. Mkono wake ulitoka chini ya shuka la Tapsubei, ukapapasa kitenge. "Na huu ni nini?"

"Huo ni wako, mama. Mpaka nyumbani hakuna mwingine."

"Nikifika nitakula. Nisipofika nitaufanyia nini? Mpe Enoka."

Enoka alikuwa amesimama mlangoni. Hakutaka kukishika kile kibuyu. Kumwaga chakula cha mama mgonjwa ndani ya chuma si jambo ambalo mtu wa kwetu hulifanya na kulala usingizi. Kezia akamtazama. "Umesikia? Au nimwambie Rispa akuambie?" Akakipokea kwa mikono miwili. Mimi niliweka kiganja changu juu ya boneti. Rispa binti Yohana. Ilibidi nianze tena mara kadhaa, na hakuna aliyenihimiza. Mkono ulipokubali, Enoka alifungua kifuniko, akamimina uji wote, akajazia maji ya Tapsubei, akawasha injini. Mwanzoni matone yalitoka ya kahawia usoni kote, kama jasho. Kadiri maji yalivyopata moto yakawa mazito, yakawa mekundu-mekundu, yakaning'inia, yakaacha kudondoka. Mawili matatu yaliendelea upande wa chini. Enoka akasema hayo anayaweza. Wimbi ule ulikuwa umesagwa laini kiasi kwamba uliingia kila palipokuwa na nafasi, halafu ukaiva humo.

Tulipanda mpaka Mau Summit kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kutoka hapo barabara ikaanza kuteremka kuelekea Kericho. Gari zima lilinuka uji unaoungua. Nilimgeukia Kezia nikidhani atatapika. Alikuwa amefumba macho. "Hii harufu naijua," akasema, na hakusema tena mpaka tulipouona mlima wa kwetu.

Kelvin aliweka ile kulanti yake ya rangi ya waridi, akafunga paipu kwa mkanda wa mpira, tukafika salama. Kwenye mazishi kijana mmoja wa kanisa alisoma historia ya marehemu Berita. Alisema alikuwa mwanamke msafi, na kwamba alimuuguza mama mkwe wake kwa moyo, akamlisha uji kwa mkono wake mwenyewe njia nzima kutoka Nakuru hadi alipomfikisha nyumbani. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hayo ndiyo yanayojulikana kijijini tangu siku ile, na najua yalikotoka, kwa sababu nilikuwapo yaliposemwa kwa mara ya kwanza.

Mwaka ule tulifika na Kezia jua likiwa bado juu ya migomba. Walikuja wote, na mbele yao dada mkubwa wa Enoka, Loisi, mtu ambaye senge alimwogopa kuliko askari. Walimbeba Kezia wakamwingiza katika nyumba yake. Aliishi siku chache baada ya hapo, akapata ile nafasi yake kando ya mzee wake, na matanga yalipowekwa ni Berita aliyeambiwa asimamie jiko. Lakini jioni ile hakuna aliyejua yatakayokuwa. Loisi alichukua kibuyu, akakitikisa, akakigeuza chini juu. Kilikuwa kitupu. Akamtazama senge, kisha Enoka, kisha mimi. "Mama amekula nini njiani?" Enoka alifungua mdomo. Senge alikuwa ameinamisha kichwa, tayari. Kezia akajibu kutoka kitandani, kwa sauti nyembamba ambayo kila mtu aliisikia.

"Nimeumaliza wote. Berita anasaga wimbi vizuri."

Tangu atoke Nakuru hakuwa ameweka kitu mdomoni. Loisi akatazama kibuyu tena. Akampa senge, akamwambia kwa upole ambao sikuutarajia, "Nenda ukakioshe basi, mke wa kaka. Utakuwa umechoka." Nilimfuata nyuma ya jiko. Msichana mmoja wa pale nyumbani akaja na kipande cha magadi kwenye kiganja, maana kila mtu alijua usafi wa Berita. Senge alikitazama kitambo, akamrudishia.

"Maji yatatosha," akasema.